Kufuga Kalunguyeye Marekani: Hatua za Kisheria Kabla ya Kununua, Kuhama na Kusafiri Naye

Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye miiba mifupi mgongoni ambaye akiguswa hujikunja na kuficha uso wake, ni mwenyeji wa savana yetu. Aina inayofugwa zaidi majumbani duniani, ambayo wataalamu huiita Atelerix albiventris, ina asili yake katika ukanda unaoanzia Senegal, unaopita kusini mwa Sahara hadi Ethiopia na Somalia, kisha unashuka Kenya na Tanzania. Katika miaka ya 1980 wanyama hawa walisafirishwa kwa wingi kutoka Afrika kwenda Marekani kuuzwa kwa watu wa kawaida, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya huko ikaufunga mlango huo kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo, ambao ungeingia na kuwadhuru ng'ombe, nguruwe na kondoo wake. Tangu hapo karibu kalunguyeye wote wanaouzwa Marekani wamezaliwa huko huko, kizazi baada ya kizazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili ambazo zinaishi Marekani na zinafikiria kumfuga mnyama huyu, mara nyingi kwa sababu mtoto amemwona kwenye video na hataki kusikia jambo jingine. Tatizo ni kwamba hakuna sheria moja ya nchi nzima inayosema kwamba kalunguyeye anaruhusiwa au amekatazwa. Jimbo moja linamruhusu bila karatasi yoyote, jingine linamkataza kabisa, na ndani ya jimbo linalomruhusu unaweza kukuta jiji linalomkataza. Muuzaji aliye mbali hana sababu ya kukueleza hayo, na kutojua sheria hakutakusaidia siku ofisa atakapobisha hodi. Anayeumia zaidi ni mnyama mwenyewe, kwa kuwa akikamatwa huondolewa kwa watu aliowazoea, na akikosekana kituo cha kumpokea anaweza kuuawa.

Hatua zinazofuata zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu jibu la hatua ya kwanza likiwa "hapana", hakuna haja ya kwenda kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: Anza na sheria ya jimbo unaloishi

Majimbo manne yanajulikana kwa kumkataza kalunguyeye kama mnyama wa nyumbani, nayo ni California, Hawaii, Georgia na Pennsylvania. Katazo la kila moja lina sura yake, na inafaa kulielewa.

California humweka kalunguyeye katika orodha ya wanyama ambao ni kosa kuwaingiza, kuwasafirisha au kuwa nao bila kibali, chini ya kifungu cha 671 cha kanuni za idara yake ya samaki na wanyamapori. Kibali hicho hutolewa kwa ajili ya utafiti, maonyesho na shughuli za aina hiyo, wala hapewi mtu anayetaka tu kufuga nyumbani. Sababu yao ni kwamba hali ya hewa ya sehemu kubwa ya jimbo hilo ingemwezesha mnyama aliyetoroka kuishi porini, kuzaana na kugombea chakula na wanyama wa asili, jambo ambalo jimbo linalotegemea sana kilimo haliko tayari kulijaribu.

Hawaii ni kali kuliko zote, kwa kuwa ni visiwa ambavyo viumbe wake wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani na wamekwisha kuumizwa vya kutosha na wanyama walioletwa kutoka nje. Mtu anayepatikana na mnyama aliyekatazwa anaweza kutozwa faini inayofikia dola 200,000 na kufungwa hadi miaka mitatu. Georgia inamhesabu kalunguyeye miongoni mwa wanyamapori wanaohitaji leseni, na leseni hiyo haitolewi kwa ajili ya kufuga kwa kujifurahisha. Pennsylvania nayo, kupitia tume yake ya wanyama wa kuwinda, haimkubali kama mnyama wa nyumbani.

Ukiishi katika jimbo jingine lolote, usidhani kwamba kutotajwa hapa ni ruhusa. Yapo majimbo yanayodai kibali, na yapo yanayodai tu cheti cha daktari wa wanyama pale mnyama anapoingia kutoka nje ya jimbo. Kwa hiyo tafuta ofisi mbili, yaani idara ya wanyamapori ya jimbo na idara ya kilimo ya jimbo, kwa sababu katika baadhi ya majimbo suala hili liko chini ya idara moja, katika mengine chini ya nyingine, na mahali pengine wamegawana. Ya kwanza husimamia nani anaweza kuwa na mnyama, na ya pili husimamia magonjwa na uingizaji.

Hapa kuna jambo ambalo huwapoteza watu wengi. Orodha za wanyama waliokatazwa mara nyingi huandikwa kwa majina ya kitaalamu ya makundi makubwa badala ya jina la mnyama mmoja mmoja. Mtu akiifungua sheria ya jimbo lake na kutafuta jina la kawaida la kalunguyeye, asilione, hufurahi na kwenda kununua, kumbe mnyama huyo amekatazwa kupitia jina la familia yake, Erinaceidae, au kupitia jina la zamani la kundi la wanyama walao wadudu, Insectivora. Tafuta majina hayo yote pamoja na Atelerix. Kinyume chake pia hutokea, kwani sheria inaweza kumkataza kalunguyeye wa Ulaya, Erinaceus europaeus, na kumwacha huyu wa Afrika.

Baada ya kusoma, andika barua pepe kwa idara husika ukitaja jina la kitaalamu la mnyama, mji unaoishi, na kwamba unataka kumfuga nyumbani bila kuzalisha wala kuuza. Uliza maswali mawili tu: je, ninaruhusiwa kuwa naye bila kibali, na je, akitoka jimbo jingine anahitaji cheti cha daktari au kibali cha kuingia? Jibu la simu ni zuri, lakini la maandishi ndilo utakaloweza kulionyesha baadaye, kwa hiyo lichapishe na kulihifadhi pamoja na tarehe yake.

Hatua ya pili: Shuka hadi kaunti na jiji

Sheria ndogo za halmashauri zina nguvu kuliko wageni wengi wanavyodhani. Mfano ulio wazi ni Jiji la New York. Jimbo la New York kwa ujumla halimkatazi kalunguyeye, lakini kanuni za afya za jiji hilo zinamkataza katika mitaa yote mitano mikuu, kuanzia Bronx hadi Staten Island. Familia inayoishi Yonkers na ile inayoishi Bronx zimetenganishwa na mpaka tu, na mnyama ambaye katazo la jiji halimhusu upande wa kwanza ni kosa upande wa pili.

Mfano mwingine ni kaunti ya Fairfax katika jimbo la Virginia, karibu na Washington, ambako wanaishi watu wengi kutoka Afrika Mashariki. Huko kalunguyeye hakuruhusiwa hadi mwaka 2019, ambapo bodi ya kaunti iliibadilisha sheria yake na kumwongeza katika orodha ya wanyama wa nyumbani wanaokubalika. Mtu aliyesoma maelezo ya zamani angeamini amekatazwa, na kwa sababu hiyo hiyo mtu anayesoma maelezo ya zamani ya kaunti nyingine anaweza kuamini ameruhusiwa wakati sheria imekwisha kubadilika. Soma sheria ilivyo mwaka huu, moja kwa moja kutoka katika tovuti ya halmashauri, si katika orodha zilizonakiliwa na watu wengine.

Ofisi ya kuuliza ni ile inayoshughulikia wanyama katika jiji au kaunti, ambayo mara nyingi iko pamoja na makao ya mbwa waliopotea au chini ya idara ya afya. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, omba mkalimani. Ofisi nyingi za umma zina huduma hiyo kwa simu bila malipo, na Kiswahili kwa kawaida kimo.

Hatua ya tatu: Soma mkataba wako wa nyumba

Unaweza kuwa umeruhusiwa na jimbo na jiji, kisha ukatolewa kwenye nyumba na mwenye nyumba. Mikataba mingi ya kupanga Marekani ina kipengele cha wanyama, na maneno yake ni muhimu. Kipengele kinachosema "mbwa na paka wawili wanaruhusiwa" hakimruhusu kalunguyeye. Kinachosema "hakuna mnyama wa aina yoyote bila idhini ya maandishi" kinamhusu hata akikaa ndani ya kizimba chake mwaka mzima. Kinachokataza "wanyama wa kigeni" kwa kawaida kinamhusu yeye hasa. Omba idhini kwa maandishi kabla ya kumleta, ukieleza kwamba ni mnyama mwenye uzito wa kati ya robo kilo na nusu kilo hivi, anayekaa kwenye kizimba na asiyepiga kelele, na idhini ikitolewa iambatanishwe na mkataba. Wanaoishi katika nyumba walizonunua ndani ya majengo ya pamoja wasome pia kanuni za chama cha wamiliki.

Wapo wanaoshauriwa kupata barua ya daktari inayosema kwamba mnyama anawafariji, wakiamini kwamba barua hiyo hufuta kila katazo. Barua ya namna hiyo inaweza kumfanya mwenye nyumba aangalie ombi lako upya, lakini haiwezi kumhalalisha mnyama ambaye jimbo au jiji limemkataza. Na kalunguyeye hawezi kuwa mnyama wa huduma kwa mlemavu katika maduka na ofisi, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamtambua mbwa tu kwa kazi hiyo, na farasi wadogo kwa masharti maalumu.

Hatua ya nne: Mchunguze muuzaji kabla ya kumchunguza mnyama

Hapa ndipo serikali kuu ya Marekani inapoingia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyopitishwa mwaka 1966 na kusimamiwa na Wizara ya Kilimo kupitia idara yake iitwayo APHIS, inamtaka anayezalisha na kuuza wanyama wa aina hii awe na leseni na akubali kukaguliwa. Wewe mnunuzi unayefuga nyumbani huhitaji leseni hiyo. Nasisitiza, kwa sababu wapo wauzaji wanaowatoza wateja fedha za "leseni ya shirikisho" ambayo mteja hahitaji hata kidogo.

Sheria imeweka msamaha kwa wazalishaji wadogo. Mtu mwenye majike wasiozidi wanne wanaozaa, anayeuza tu watoto waliozaliwa na kulelewa kwake ili wafugwe majumbani, hahitaji leseni ya shirikisho. Kalunguyeye wametajwa kwa jina katika kanuni hiyo. Lakini hesabu ya majike hao haifanywi kwa kila aina peke yake. Tuseme nyumbani kwako kuna majike watatu wa kalunguyeye na paka wawili majike wanaozaa: jumla ni watano, na umevuka kikomo. Tena hesabu ni ya nyumba nzima, si ya mtu mmoja. Kwa familia zetu, ambamo kaka, shemeji na shangazi huishi pamoja na kila mmoja ana mradi wake mdogo, kipengele hiki kinaweza kumnasa mtu asiyetarajia. Wanyama wa shemeji aliye chumba cha chini huhesabiwa pamoja na wako.

Muuzaji akisema ana leseni, mwombe namba yake. Namba hiyo ina umbo linalotambulika: huanza na tarakimu mbili zinazowakilisha jimbo, hufuata herufi A, B au C, kisha namba ya mwenye leseni. A ni mzalishaji anayeuza wanyama aliowazalisha mwenyewe, B ni mchuuzi anayenunua na kuuza, na C ni mwenye maonyesho. Ukiiona B, elewa kwamba mnyama huenda amepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kwako, na uulize alizaliwa wapi. Kisha ingia katika tovuti ya APHIS, ambako kuna sehemu ya umma ya kutafuta wenye leseni na ripoti za ukaguzi wao, uandike jina au namba hiyo. Leseni hudumu miaka mitatu, kwa hiyo tazama kama haijaisha. Soma ripoti yenyewe: utakuta mkaguzi ameandika kwa tarehe kwamba maji yalikuwa machafu, au chumba kilikuwa baridi, au hakukuwa na kasoro yoyote. Ripoti hizo ni za kweli kuliko picha nzuri za muuzaji.

Muuzaji akidai hana leseni kwa kuwa ni mzalishaji mdogo, mwulize ana majike wangapi. Anayejibu bila kusita na kukuruhusu kuona mahali wanapolala wazazi wa mnyama ni tofauti na anayetaka mkutane kwenye maegesho ya magari ya duka usiku.

Hatua ya tano: Tunza nyaraka, na mpate daktari

Weka katika bahasha moja risiti yenye jina na anwani ya muuzaji, tarehe ya kuzaliwa mnyama, nakala ya leseni ya muuzaji, cheti cha daktari wa wanyama, idhini ya mwenye nyumba na ile barua pepe ya idara ya jimbo. Nyaraka hizi ndizo zitakazothibitisha kwamba mnyama wako alizaliwa Marekani na hakuingizwa kwa magendo.

Daktari atafutwe mapema, kwa sababu wengi hutibu mbwa na paka tu. Majimbo yote 50 yana sheria dhidi ya ukatili kwa wanyama, na mnyama aliyefugwa kihalali anaweza bado kumpeleka mwenyewe mahakamani akiachwa ateseke. Kwa kalunguyeye hatari kubwa ni baridi. Huyu ni mnyama wa savana ya joto, na anahitaji chumba cha nyuzi 23 hadi 27 za Selsiasi mchana na usiku. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, mwili wake hujaribu kulala usingizi wa msimu wa baridi, jambo ambalo aina hii ya kufugwa hailihimili, na anaweza kufa. Wanaoishi Minnesota au Maine, ambako umeme hukatika katikati ya dhoruba ya theluji, wapange tangu mwanzo jinsi ya kumpa joto usiku wa namna hiyo.

Suala la afya ya binadamu nalo lisipuuzwe. Mwaka 2019 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa onyo kwa umma baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kutokana na bakteria aitwaye Salmonela waliohusishwa na kalunguyeye wa majumbani. Onyo lilisema wasibusiwe wala kukumbatiwa usoni, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuwashika, na vyombo vyao visioshewe jikoni. Mwenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa ndani ya nyumba, kwa maoni yangu, asubiri.

Hatua ya sita: Kabla ya kuhama au kusafiri naye

Sheria iitwayo Lacey, ya mwaka 1900, inafanya kuwa kosa la shirikisho kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama wa porini aliyepatikana, kumilikiwa, kusafirishwa au kuuzwa kinyume cha sheria ya jimbo, na inamhesabu mnyama wa aina ya porini hata kama amezaliwa kizimbani. Kwa lugha nyepesi, kumpeleka kalunguyeye mahali alipokatazwa kunaweza kugeuza kosa la jimbo kuwa kosa la serikali kuu.

Njia unayopita pia ina sheria zake. Anayehama kwa gari kutoka jimbo linaloruhusu kwenda jingine linaloruhusu, akapitia California ili kufupisha safari, anakuwa anamsafirisha mnyama ndani ya California, na neno "kusafirisha" limo katika katazo lao. Tena barabara kuu za kuingia jimbo hilo zina vituo vya ukaguzi wa mazao na mimea, ambako magari husimamishwa na dereva kuulizwa alichobeba. Zunguka, hata kama ni mbali. Wanaohamishwa kikazi kwenda Hawaii, hasa wanajeshi, wamtafutie mnyama nyumba nyingine kabla ya kuondoka, kwa kuwa hakuna kibali kitakachomfikisha huko kama mnyama wa nyumbani.

Kwa safari nyingine, mwone daktari wa wanyama akupe cheti cha afya cha kuvukia mpaka wa jimbo. Vyeti hivi kwa kawaida hutumika kwa siku 30 tu. Ulizia pia shirika la ndege mapema, kwani mengi hayamchukui kalunguyeye ndani ya chumba cha abiria.

Hatua ya saba: Usijaribu kumleta kutoka nyumbani

Kwa kuwa kalunguyeye anaonekana bure vichakani Kenya na Tanzania, mtu anaweza kufikiri kwamba akienda likizo atarudi na mmoja. Hili halifai kujaribiwa kwa namna yoyote, na sheria zinazolizuia ziko pande zote mbili za safari.

Upande wa Marekani, kanuni za Wizara ya Kilimo zinakataza kuingiza kalunguyeye kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo, na nchi zetu ni miongoni mwake. Hakuna cheti cha daktari wa wilaya kitakachobadilisha hilo. Aidha, ile sheria ya Lacey inamfikia pia aliyemchukua mnyama kinyume cha sheria ya nchi ya kigeni, kwa hiyo mahakama ya Marekani inaweza kumhukumu mtu kwa sababu alivunja sheria ya Tanzania au Kenya.

Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Sura ya 283, inafafanua nyara kuwa ni pamoja na mnyama mzima, aliye hai au aliyekufa. Watu wengi wakisikia "nyara za serikali" hufikiria pembe za ndovu na ngozi za chui, lakini kalunguyeye aliye hai ndani ya kapu naye anaingia humo, na kuwa naye, kumnunua au kumuuza bila kibali ni kosa ambalo hushughulikiwa pia kama uhujumu uchumi. Anayetaka kufuga wanyamapori kihalali huomba leseni kwa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kwa ajili ya bustani, shamba au ranchi ya wanyamapori, na leseni hizo zina masharti ya eneo, mabanda na daktari. Kuhusu kuwapeleka nje, serikali ilisitisha biashara ya kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na jaribio la kuilegeza mwaka 2022 lilirudishwa nyuma ndani ya siku chache baada ya wananchi kupinga.

Kenya, sheria ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na wasimamizi ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nayo inahesabu kiumbe wa porini aliye hai kuwa nyara, na ilipopitishwa iliweka kwa anayepatikana na nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Yeyote anayedhani mnyama mdogo hawezi kumshughulisha hakimu akumbuke kesi ya wadudu chungu ya mwaka 2025: watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, walihukumiwa Nairobi kulipa shilingi milioni moja kila mmoja au kukaa gerezani miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya chungu malkia waliokusudiwa kusafirishwa nje. Kama chungu mmoja mmoja ndani ya kichupa cha plastiki anahesabiwa, kalunguyeye hawezi kuachwa.

Ukimkuta kalunguyeye katika ua wa nyumba yenu Dodoma au Nairobi, mwache apite. Anakula mchwa, mende na mbawakawa, na kesho usiku atakuwa mahali pengine. Akiwa amejeruhiwa, mwarifu ofisa wanyamapori wa wilaya au kituo cha KWS kilicho karibu, na umweke mahali penye kivuli hadi watakapofika.

Kwa walioko Uingereza

Hali huko ni nyepesi zaidi, ingawa kuna wanyama wawili wasiochanganywa. Kalunguyeye wa asili wa Uingereza, yule anayeingia bustanini usiku, analindwa na sheria ya mwaka 1981 inayozuia kumtega au kumuua kwa njia nyingi, na hachukuliwi kumfuga. Kalunguyeye wa Kiafrika aliyezalishwa kizimbani anaweza kufugwa nyumbani bila leseni. Anayefanya biashara ya kuuza wanyama wa nyumbani nchini England anahitaji leseni ya halmashauri chini ya kanuni za mwaka 2018, na hairuhusiwi kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa hiyo mzazi ndiye anayenunua na kuwajibika. Kumwachilia porini wa Kiafrika ni kosa.

Kama tayari unaye mahali alipokatazwa

Wapo watakaosoma haya wakati mnyama tayari yuko sebuleni. Jambo la kwanza ni kutomwachilia nje, hata msituni na hata usiku wa joto. Ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, na mnyama huyo, ambaye hajawahi kujitafutia chakula, atakufa kwa njaa au baridi, au atapona na kuzaana, jambo ambalo ndilo sheria inalolizuia.

Hawaii ina mpango wa msamaha: anayemsalimisha mnyama mwenyewe kwa idara ya kilimo ya jimbo, au katika kituo cha kutunza wanyama, kabla uchunguzi haujaanza, hashtakiwi. Tumia nafasi hiyo. Katika majimbo mengine wasiliana kwanza na wakili au na ofisi ya msaada wa kisheria, hasa kama hujapata uraia, kwa sababu hata kesi ndogo inaweza kuulizwa katika maombi ya uhamiaji. Wakili anaweza kuzungumza na idara kwa niaba yako na kutafuta kituo kilicho katika jimbo linaloruhusu ambacho kitampokea mnyama, pamoja na njia halali ya kumfikisha huko. Usimpeleke mwenyewe kwa gari kabla ya kupata ushauri huo, kwa kuwa kuvuka mpaka wa jimbo naye ndiko kunakoiita sheria ya Lacey. Na usimpe jirani wala kumuuza mtandaoni ili kuondokana naye, kwani kuuza ni kosa zito kuliko kumiliki, na tangazo lenye jina lako na picha yake litakuwa ushahidi.